Nyumba Yenye Haikujibu

Likasi, tarehe 29 mwezi wa kwanza 2024

Hadassa,

Weye mutoto, uko na miguu ao uliiuzisha? Tangu mwezi wa nane sijaona sura yako. Muzigo wa sombe, majani ya muhogo, unatoka hapa asubui, unafika Lubumbashi bado mubichi, lakini mujukuu wangu mwenye nilibeba ku mugongo anashindwa na ile njia moja. Bantu ku kanisa bananiuliza, «Mama Clotilde, na ule wako wa inivesite?» Ninabajibu: iko, anahesabu bintu mu biro, mu ofisi. Sijui kama ni kweli ao ni uongo, juu sijui unafanyaka nini kule.

Hii barua anaandika Mama Émérence, fundi wa nguo wa nyumba ya pili, mwenye miwani ya kufunga na kamba. Minye ninasema, yeye anaandika. Nilimukataza kupendezesha. Nikisema «mupumbavu», aandike mupumbavu. Simu sitaki. Simu unasema, inakata, maneno imekwisha. Barua, hamu yako ikinishika ninamuita Émérence anisomee tena, hata mara tano. Yeye anakasirika, minye ninacheka.

Niko muzima. Goti ya kuume inaniambia saa mvua inakuya. Courant inapotea, inarudi. Banasema ni mashine ya umeme ya Mwadingusha, kila mwaka ni Mwadingusha. Muchicha ya lenga-lenga imeota muzuri nyuma ya nyumba. Niko na chakula, niko na amani, usianze kulia.

Kitu moja tu inanikwaza. Mu mwezi wa kumi na moja bwana moja wa projet alipita mu avenue yetu, mutaa muzima, na karatasi, shati nyeupe, viatu ya kuchongoka. Alibisha kila mulango. Kwangu aliuliza tunakula meka ngapi ya unga, ile kopo ya kupimia, kwa juma. Hiyo nikamujibu, meka si siri, soko yote inaona nikipimiwa. Alafu akauliza, «Mama, mu hii nyumba munalala bantu ngapi?»

Nikamuangalia. Yeye akaniangalia. Nikasema, «Baba, kunywa maji, jua iko kali.» Akakunywa, akauliza tena. Nikamupa maji tena. Ku glasi ya tatu alinipa mukono, akaenda, na ile fasi ya karatasi ikabakia nyeupe. Mutu muzima, iko na viatu ya vile, na hakufundishwa kama kuna maulizo haiulizwe! Uliza ku kazi yako kama banajua bantu ya namna ile.

Na ukuye uone bibi yako.

Kambo yako,
Clotilde Kalenga
(kidole ni changu, wino ni ya Émérence)

*

Lubumbashi, tarehe 6 Februari 2024

Kambo wangu,

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Jean-Claude dereva, ikiwa na alama ya kidole chako na doa la mawese. Nimeyapokea matusi yote, yananistahili. Umeuliza nafanya nini huku. Nitajaribu kusema bila kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Ofisi yetu ndiyo inayopanga ni avenue zipi zipewe uji wa watoto, kwenu Likasi, kule Kambove na kwingine. Ndiyo, Kambo. Yule bwana wa viatu vya kuchongoka ni wa kwetu. Anaitwa Joachim, na mpaka leo anasimulia habari za bibi mmoja aliyetaka kumzamisha kwa maji. Sikujua kama ni wewe. Nilicheka pamoja na wengine.

Karatasi zikirudi ni maelfu, siwezi kuzipigia hesabu moja moja. Kuna lugha ya kusema na mashine juu ya takwimu, na jina lake ni herufi moja tu: R. Katika lugha hiyo ninaandika kitu kinachoitwa fonction. Fonction ni kama mpishi: unamkabidhi vitu, anakurudishia chakula. Ya kwangu nimeiita «sehemu», kwa kuwa inatafuta sehemu ya kila mtu. Inachukua unga wa nyumba kwa juma, inagawanya kwa watu wa nyumba ile. Iko hivi:

sehemu <- function(unga, watu = 5) unga / watu

(Mama Émérence, ile alama baada ya jina ni mshale tu, usiogope.)

Tazama pale penye «watu = 5». Hapo ndipo ninapojivunia. Hilo ni jibu linalokaa tayari, ofisini tunasema par défaut. Ukiiambia mashine watu ni wanane, inachukua wanane. Usipoiambia kitu, haisimami kukuuliza; inachukua watano na kuendelea na safari. Ni kama wewe ukimtuma mtu dukani alete chumvi bila kusema kiasi gani: ataleta ile ya siku zote. Tano sikuiokota barabarani. Niliitoa kwenye nyumba zilizojibu; kwao, tano ndiyo iliyokaa katikati.

Kabla sijaja, mashine ilikuwa inakwama kwenye kila karatasi yenye nafasi tupu, na kazi inalala siku tatu. Sasa haikwami. Chef wetu, mkuu wa ofisi, Bwana Symphorien, alinisimamisha mbele ya wote: «Huyu ndiye mwenye fonction isiyolala njiani.» Kambo, nilirudi nyumbani nikiimba.

Mkataba wangu ni wa majaribio mpaka mwezi wa sita. Nikishika hivi, wataniandika kabisa. Ndiyo maana sijaja. Nitajaribu Pasaka.

Mjukuu wako,
Hadassa

*

Likasi, tarehe 12 mwezi wa pili 2024

Hadassa, mutoto wa mutoto wangu,

Émérence alisoma ule mustari wako kama litania, minye nikajibu «utuombee». Jina ya herufi moja? Wazazi yake walikuwa na haraka gani? Anasema pia unaandika Swahili ya misa. Nilimuambia, acha, Swahili yake imevaa viatu juu iko mu biro. Akifika hapa ataivua ku mulango.

Nimefurahi, usiseme sikufurahi. Mujukuu wa Clotilde anasimamishwa mbele ya bantu na banamusifu! Nilimuambia mama mwenye anauzishaka makala ya kupikia, nilimuambia sista wa chapelle, nilimuambia hata mutu mwenye alikuwa anapita tu.

Lakini ngoja kidogo. Nikituma Émérence chumvi bila kusema kiasi, analeta ya siku zote juu ananijua. Miaka makumi mbili tunaonana, anajua hata nikikohoa ni kohoo ya vumbi ao ya hasira. Ile mashine yako inanijua wapi? Tulikula nayo ku meza gani? Kwetu, mutu mwenye anajibu pa fasi ya mwenzake mwenye kunyamaza, na hamujue, tunamuita mutu wa midomo. Siseme weye. Ninasema mashine.

Na unasema tano ilitoka ku nyumba zenye zilijibu. Muzuri. Na zenye hazikujibu, uliuliza kwa nini hazikujibu? Nyumba ikinyamaza, si juu inafanana na ile yenye kusema. Mara nyingi inanyamaza juu haifanane nayo. Hiyo hata kuku anajua. Lakini minye sikusoma, pengine ku masomo banafundisha ingine.

Hapa kwetu yote ni muzuri. Tuko vile tulikuwa mu mwezi wa nane. Kula vizuri. Usitembee na njaa kama bantu ya Lubumbashi, banavaa muzuri na tumbo inalia.

Kambo yako,
Clotilde Kalenga

Hadassa, sasa ni minye, Émérence. Clotilde anafikiri ninaandika adresi. Yeye anakuficha na minye nimechoka kuwa mukono wa kuficha. Haiko «vile mu mwezi wa nane». Kaka yako Clovis alienda kuchimba Kambove, na mu mwezi wa kumi alileta batoto yake hapa: Daniella, Jessy, Hénoc, na ule mudogo Plamedi. Mama yao anauguza baba yake Bukama, hajarudi. Alafu shangazi yako Martine naye alikuya, na mapacha yake, Kyungu na Kabange. Bote bako mu ile nyumba ya vyumba viwili.

Plamedi alifika na mukono kama mufupa wa kuku. Munganga wa hospitali alimupima na ule utepe wa rangi wa kupimia njaa, ikasimama pa nyekundu. Ni uji yenye banagawa ku salle, ile nyumba kubwa ya chapelle, njo ilimuinua. Sasa utepe iko pa njano. Na juma lililopita balibandika karatasi ku mulango ya salle: avenue yetu iko na chakula ya kutosha, uji itaisha tarehe 31 ya mwezi wa tatu. Clotilde anapatia Plamedi chakula yake na anasema anafunga juu ya sala. Sala gani ya juma nne? Alinikataza kukuandikia, ili usiache kazi. Nimeandika.

É.

*

Lubumbashi, tarehe 19 Februari 2024

Kambo wangu,

Umenitandika bila fimbo. Nilisoma barua yako mara mbili.

Nilirudi kwenye karatasi za avenue yenu, zile zenyewe alizoandika Joachim kwa mkono. Nyumba ni sitini na mbili. Arobaini na tisa zina nafasi nyeupe pale penye watu. Nilimwita nikamuuliza. Akasema, «Ile avenue? Kila mama alinipa maji. Nilirudi tumbo kama ngoma.» Akacheka. Mimi sikucheka.

Nyumba arobaini na tisa, na fonction yangu iliingia katika kila moja, ikakuta kimya, ikasema: tano. Unga uliandikwa mwingi kwa sababu walaji ni wengi. Lakini ukigawanya unga wa wengi kwa watu watano, kila mtu anaonekana ameshiba. Hivyo avenue yenu imetoka na sura nzuri kuliko zote za Likasi. Hata wale majirani waliojibu wenyewe, wamefunikwa na hizo tano zangu.

Niambie, Kambo. Kwa nini hamkumjibu? Meka mlitaja, mlango mliufungua, maji mlimpa. Neno moja tu ndilo mlilolikataa, karibu wote. Nataka kujua, si kwa kulaumu.

Mama Émérence, hapa usisome kwa sauti. Asante kwa yale uliyoniandikia. Niliyataja majina ya watoto mmoja mmoja nikikunja vidole, na mkono mmoja haukunitosha. Nimeogopa. List ya avenue zitakazokatiwa uji imesainiwa na mimi ndiye niliyeitoa. Nikimwambia Chef kwamba fonction aliyoisifu ndiyo iliyodanganya, mkataba umekwisha, na wa kunitazama kwa macho mengine ni wengi. Nikikaa kimya, salle inafungwa. Siku tatu nimefika mlangoni kwake nikarudi. Usimwambie Kambo hilo. Mwambie nina kazi nyingi. Na ukiweza, mpe yeye kwanza chakula, kisha ndipo aende kusali.

Kambo, nakusalimu sana. Huku mvua imekaa juma zima.

Mjukuu wako,
Hadassa

*

Likasi, tarehe 24 mwezi wa pili 2024

Hadassa,

Siku ingine ukitaka kunificha, tafuta mutu mwenye anajua kuficha. Émérence alikuwa anasoma muzuri, sauti inatembea. Alafu ikasimama. Macho yake ikashuka, ikashuka, ikashuka, mudomo umefunga. Alafu akasema, «Kambo, nakusalimu sana.»

Nikamuambia, «Émérence, uliruka.»

«Sikuruka.»

«Sijui kusoma, lakini ninajua kuangalia mutu mwenye anasoma. Macho yako ilipita mu shamba kubwa pale na haukunipa hata hindi moja.»

«Ni mambo ya adresi.»

«Adresi inakutoa machozi?»

Akatosha miwani, akafuta, akasoma yote. Na ile yake ya kwanza pia, yenye aliandika chini ya kidole changu! Siku mbili sikumuongelesha. Ya tatu nilimupelekea mahindi ya kuchoma juu nilikosa mutu wa kugombana naye. Tumerudia.

Sasa sikiliza, ninajibu kama vile uliuliza.

Mama yangu alizaa muzuri. Siku moja ku maternité mwanamuke mumoja wa kampani ya migodi alimuuliza, «Uko na batoto ngapi?» Mama yangu alikuwa mutu wa furaha, akasema kwa sauti, bote banasikia: saba! Akaonyesha na vidole. Mbele ya mvua kuisha, surua ilipita ku kambi. Tulibakia watano. Najua ni surua. Munganga alieleza, na minye si mupumbavu, niliona batoto ya bengine banakufa na mama zao hawakuhesabu kitu. Lakini mama yangu, paka kufa kwake, alikuwa anaangalia vile vidole saba. Alitukataza. Mbuzi, hesabu. Matofali, hesabu. Batoto, apana. Na wamama wote ya hii avenue, hata benye walitoka Kasai, hata ba Bemba, kila mumoja iko na mama ao kambo mwenye alimukataza. Si kama tulikutana kupanga. Kila mutu alichota maji yake.

Hatukuficha chakula, hatukudanganya. Tulinyamaza. Na weye uliweka mutu wa midomo ajibu.

Niko na hasira? Ndiyo. Na bado ninakupenda, kaa chini.

Minye pia nilikudanganya na «yote ni muzuri». Niliogopa utaacha kazi ukuye kupika uji hapa na diplome yako. Basi tuko bawili. Lakini yangu inanyima chakula mutu moja, mwenye iko na mafuta ya zamani ya kuchoma. Yako inanyima avenue muzima. Haiko uzito moja.

Asubui ya kwanza ukipata hii barua, ingia kwa ule Chef. Usibishe mara tatu, bisha mara moja. Sema: ni minye, nilifanya, ni mubaya, tutengeneze. Usianze na historia ndefu. Akikufukuza, kuya, tutalima lenga-lenga. Sikukulea juu ya biro, nilikulea juu uliliaka sana na nilitaka kulala.

Na juu ya ile kuuliza. Nilifikiri siku zote hizi mbili zenye sikuongea na Émérence, kimya kinasaidia. Hatuhesabu batoto, lakini tunabaitaka kwa jina. Asubui, saa ya kula, saa ya kuoga: Daniella! Jessy! Kyungu! Jina si kitu ya kuficha, padri mwenyewe anaisema na maji ku kichwa. Basi ule bwana asiulize «ngapi». Aulize, «Benye banakula hapa banaitwa nani?» Tutasema. Yeye aandike, afunge mudomo. Kuhesabu, ile mashine yenye haina mama itahesabu yenyewe kule mbali, hatutasikia.

Inawezekana ku ile lugha ya herufi moja?

Plamedi anakusalimia. Amejifunza kusema «Hadassa», lakini anaita vile banaitaka kuku.

Kambo yako,
Clotilde Kalenga

*

Lubumbashi, tarehe 9 Machi 2024

Kambo wangu,

Nilibisha mara moja.

Bwana Symphorien alikuwa anakula karanga juu ya gazeti. «Ingia, mwenye fonction isiyolala.»

«Chef,» nikasema, «ingekuwa heri ilale.»

Nikamwambia kama ulivyoniagiza, bila historia. Mkono wake ulisimama juu ya karanga.

«Nyumba ngapi?»

«Arobaini na tisa, kwenye avenue moja. Avenue nyingine ndiyo kwanza nimeanza kuzitazama, na humo pia zimo.»

«List imesainiwa, Hadassa.»

«Najua, Chef.»

«Na wewe uko kwenye majaribio.»

«Najua.»

«Nani aliyekufungua macho? Yule mkaguzi wa Kinshasa?»

«Kambo wangu. Wa Likasi.»

«Amesoma nini?»

«Hajasoma, Chef. Ndiye aliyemnywesha Joachim.»

Kambo, nilifikiri atapiga kelele. Akasema tu, «Nionyeshe.» Nikafungua mashine mbele yake. Nikafuta alama mbili, ile ya sawasawa na ile tano, hivyo tu, ikabaki «watu» peke yake bila jibu la kukaa tayari. Nikaiamuru ianze na karatasi za avenue yenu. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kwenye ya tatu ikasimama, ikaandika kwa Kifaransa: l'argument "watu" est manquant, avec aucune valeur par défaut. Yaani: watu hawapo, na mimi sina jibu la kubuni.

Chef aliyasoma yale maneno kwa sauti, polepole. Halafu akatazama dirishani. «Mama yangu alikuwa wa Kambove,» akasema. «Alituita kwa kula, na mmoja akikosa alijua. Lakini hakutuhesabu hata siku moja. Mimi nimesoma, nimeketi hapa miaka kumi na moja, na nimesahau.»

Hayo ndiyo mazuri. Sasa sikiliza magumu. List iliyosainiwa inabaki na nguvu. Tumepewa mpaka tarehe 27 kurudisha hesabu mpya ya avenue zote zenye nafasi nyeupe. Ya kwenu isipotoka siku hiyo, salle inafungwa kama ilivyoandikwa. Na mimi, Chef ataandika kwenye faili langu kwamba kosa ni langu, na kwamba nililileta mwenyewe. Wakubwa watasoma mstari upi kwanza, hajui. Mwezi wa sita utatuambia.

Uliuliza kama inawezekana kwa ile lugha. Inawezekana, na ni nzuri kuliko ya kwanza. Iko hivi:

sehemu <- function(unga, majina) unga / length(majina)

Inapewa unga na majina. Yale majina inayapanga, inajihesabia yenyewe kimya kimya, haimwambii mtu. Na pale penye majina sikuweka kitu cha kukaa tayari. Sitaki tena mtu wa midomo. Karatasi moja tu ikija bila majina, mashine itasimama pale pale na list ya avenue nzima haitatoka, mpaka mtu arudi kwenye mlango ule akaulize vizuri. Wenzangu wanasema ninajitafutia kazi. Labda.

Joachim anakuja kwenu juma lijalo. Anaomba uwaandae wamama. Anaomba pia, kwa unyenyekevu, asipewe maji.

Nina hofu watakataa. Zungumza nao, Kambo. Mimi hawatanisikiliza, kwao mimi ni yule wa ile tano.

Mjukuu wako,
Hadassa

Mama Émérence, leo soma yote.

*

Likasi, tarehe 18 mwezi wa tatu 2024

Hadassa, mutoto wangu wa nguvu,

Émérence alisoma yote, na pale pa karanga aliigiza. Nilimuomba arudie mara tatu. Salimia ule Chef. Mama yake alimulea, hata kama ilichelewa kuonekana.

Nilisema na wamama ku bomba, juu pale hakuna mwenye kukimbia, kila mutu anangojea ndoo yake ijae. Mama Kabamba akanisimamia mbele: «Clotilde, kutaja na kuhesabu, si njia moja?» Nikamuuliza, «Saa ya kula bukari unabaita namna gani batoto yako? Unasema: moja, kuya! Mbili, nawa mikono!» Bote bakacheka, hata yeye, maji ikamwagika. Hélène wa kona akasema anaogopa karatasi itapelekwa ku bantu ya kodi. Nikasema itapelekwa ku mujukuu wangu, na akiipoteza nitamuchapa mbele yenu. Wakakubali juu ya hiyo fimbo, si juu ya mashine yako.

Joachim alikuya siku mbili, mardi na mercredi. Alivaa malapa safari hii. Alikaa chini ku mukeka kama mutu mwenye alizaliwa na mama, akauliza, «Benye banakula hapa banaitwa nani?» Akanyamaza. Wamama bakataja. Kuna mwenye alitaja akilia, sikumuuliza kwa nini, kila nyumba iko na jina yenye inasimama ku koo. Mama Kabamba alitaja batoto, alitaja dada yake, alitaja bwana yake, alafu akasema, «Ule futa. Analala hapa, lakini anakulaka kwingine.» Joachim akafuta bila kuinua kichwa. Anajifunza.

Plamedi utepe iko bado pa njano. Munganga anasema kijani iko mbele kidogo. Minye ninakula, Martine ananisimamia na kijiko kama polisi.

Basi nyumba zote zilitoa majina. Zote, ila moja tu.

Ni yangu.

Joachim alifika jioni ya mercredi, amechoka, akafungua karatasi. Nikamuambia, «Baba, maji sikupe, uliomba. Lakini majina pia sikupe.» Akashangaa: «Mama, ni weye uliyebaambia bote!» Nikamujibu, «Ndiyo. Na yangu iko na mutu wake mwenye ataiandika. Acha fasi nyeupe.» Aliangalia ile nyeupe kama mutu mwenye anaona nyoka, juu anajua vile mashine yako itafanya. Na minye ninajua. Uliniandikia mwenyewe: itasimama, list ya avenue haitatoka, paka mutu arudi ku ule mulango kuuliza vizuri. Ulifanya kazi muzuri, Hadassa. Hakuna jibu ya kukaa tayari. Kwa hiyo itakungojea.

Usikasirike. Nilihesabu siku, siku ninahesabu: kutoka samedi tarehe 23 paka 27 uko na nafasi ya kutosha kurudia na kufanya kazi yako. Lakini ile uji ya bantu bote iko pa magoti yako sasa, na pa yangu. Usiicheleweshe.

Kuya samedi, asubui, mbele ya jua kupanda. Usinunue kitu. Lete karatasi na kalamu yenye inaandika. Utakaa ku mukeka, si ku kiti. Nitasimama ku mulango ya nyuma na nitabaita, mumoja mumoja, na kila mumoja atakuya mbele yako. Utamupa mukono. Utamuangalia usoni, utamuuliza jina hata kama unaijua, na utangojea aseme yeye mwenyewe, hata Plamedi, hata kama atachelewa. Alafu njo unaandika. Ukimaliza na wa mwisho, funga karatasi, tia mu saki yako, tukule.

Na jumla, usiniambie.

Kambo yako,
Clotilde Kalenga